Ukimpeleka mgonjwa wa akili hospitali, peleka na maelezo yake

Malaria ina kipimo, kisukari kina kipimo. Sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, haina; skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, haina; na ule ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, wanaouita baipola, nao hauna. Hakuna tone la damu wala picha itakayomwambia daktari kwamba hili ndilo linalomsumbua ndugu yako. Anautambua ugonjwa kwa kumtazama mgonjwa, kuzungumza naye, na kuwasikiliza ninyi mnaoishi naye. Namuuguza mdogo wangu hapa Newala, mkoani Mtwara, kwa miaka sasa, na kwenye mabenchi ya kliniki nimekaa na familia kutoka Tandahimba, Nanyamba hata Masasi, zimebeba neno moja tu: "Amechanganyikiwa." Kwa neno hilo peke yake daktari hana pa kuanzia.

Ugonjwa wa mdogo wangu ulianza msimu wa korosho. Minada imefunguliwa, malipo yameanza kuingia, na yeye akawa halali. Usiku anatembea, mchana anaongea bila kupumua, anawaahidi vijana pikipiki, anataka kununua lori. Watu wakasema fedha zimempanda kichwani. Masika yalipokuja akageuka: analala kutwa, chakula hagusi, kuoga mpaka abembelezwe, anasema yeye ni mzigo. Tulimpeleka hospitali akiwa katika hali hiyo ya pili. Kwa kumtazama tu, ungesema ni sonona. Tabibu akatugeukia akauliza kama kuna kipindi alikuwa na nguvu na furaha kupita kiasi, halali na wala hachoki. Ndipo tukayasimulia ya msimu wa korosho.

Swali lile lilikuwa na uzito wake. Mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake, anaweza kupandishwa tena mpaka kwenye ule wazimu wa kutolala. Anahitaji kwanza dawa ya kutuliza hisia zisiruke juu wala kuzama. Wagonjwa wawili wanaweza kulala kitandani vilevile, wanalia vilevile, na tiba zao zikawa mbili tofauti. Tofauti iko kwenye historia, na historia mnayo ninyi nyumbani.

Kwa hiyo nunua daftari. Andika unachokiona, si unachokidhania. Usiandike "ana mashetani". Andika kwamba anajibu sauti ambazo ninyi hamzisikii, kwamba anakataa chakula cha mama kwa kuamini kina sumu, kwamba hali hiyo ilianza mara baada ya kujifungua au baada ya homa kali. Andika usingizi wake, anakunywa nini na kiasi gani, na kama kuna ndugu upande wa mama au wa baba aliyewahi kuugua hivyo. Sonona huhesabiwa kuanzia wiki mbili za huzuni au kukosa hamu karibu kila siku, kwa hiyo tarehe ya kuanza ina maana kubwa.

Damu watachukua pia, lakini ni kwa ajili ya kuondoa mengine. Malaria kali humfanya mtu aweweseke, na vivyo hivyo sukari ikishuka, au kaswende na VVU vikifika kwenye ubongo. Halafu kuna pombe. Huku kwetu msimu wa mabibo uraka, pombe ya mabibo, haukosekani, na gongo vilevile. Mnywaji wa siku nyingi akiacha ghafla, ndani ya siku chache anaweza kutetemeka, kutokwa jasho na kuona vitu visivyokuwepo. Hiyo ni dharura inayoweza kuua. Usimfungie ndani asubiri itoke, mkimbize hospitali.

Dawa zenyewe si za zamani sana. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, aliandika kuhusu lithiamu kwa wagonjwa wa kupanda hisia, na mwaka 1952 madaktari wa Paris wakaanza kutumia klopromazini kwa wenye saikosisi, yaani waliopotewa na uhalisia, wanaosikia au kuamini yasiyokuwepo. Kabla ya hapo hospitali nyingi duniani hazikuwa na mengi zaidi ya kuta na kamba. Ninapoona mtu amefungwa mnyororo kwenye mti mwaka huu, naumia, maana tiba ipo.

Ila dawa hizi zinataka uangalizi. Haloperidoli, mojawapo ya dawa za saikosisi, inaweza kukaza shingo, kupindisha ulimi au kuleta mtetemeko. Familia nyingi huona hapo wakasema dawa inamuua, wakaiacha. Rudini kliniki, maana ipo dawa ya kutuliza hali hiyo na dozi inaweza kubadilishwa. Anayetumia lithiamu apimwe kiwango chake kwenye damu, figo na tezi ya shingo. Akikaa juani shambani kutwa bila maji, au akimeza diklofenaki na ibuprofeni za dukani kwa ajili ya mgongo, kiwango kinaweza kupanda mpaka kikawa sumu. Dada zangu, kuna dawa nyingine za kutuliza hisia: sodiamu valproeti ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Mwambie daktari unatumia njia gani kabla hajaandika chochote. Dawa za sonona nazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Na mgonjwa akipata nafuu, hiyo nafuu ndiyo kazi ya dawa. Asiiache mpaka daktari aipunguze mwenyewe, taratibu.

Kuna tiba ya mazungumzo, na huku kwetu wengi huidharau kwa kuwa haina kidonge. Kwa sonona na wasiwasi inafanya kazi kweli. Ile aliyoiendeleza Aaron Beck wa Marekani tangu miaka ya 1960 humfundisha mtu kulichunguza wazo linalomwambia hafai, na kurudia shughuli ndogondogo hata kabla hamu haijarudi. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na watu wenye msongo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliozungumza na bibi hao walipona sonona zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Bibi tunao. Kinachotushinda ni kunyamaza. Bibi wa Zimbabwe huuliza, kisha humwacha mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Sisi tunaanza na mawaidha.

Mjomba alipotaka mdogo wangu apelekwe kwa mganga, sikugombana naye. Kwetu mjomba ana sauti kwa watoto wa dada yake, na kumwambia kwamba uchawi haupo kungeufunga mlango wa hospitali. Nilimwomba mambo matatu: asifungwe, asipigwe, na asiachishwe dawa wala kunyweshwa mizizi tusiyoijua. Mjomba alikubali, na safari iliyofuata ya hospitali ya Ndanda alitusindikiza mwenyewe. Ukianzia zahanati ya kijijini, watakupa rufaa mpaka hospitali ya mkoa ikibidi, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi.

Mgonjwa akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo; humpa nafasi ya kulisema. Akikubali, usimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kisha tazama ndani ya nyumba. Wakulima wengi wa korosho tunaweka viuatilifu chumbani, chini ya kitanda, kwa kuogopa wezi. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka kwa zaidi ya nusu. Vyetu sasa viko stoo ya jirani, na ufunguo anao yeye.

Kwa mdogo wangu usingizi ndio unaotangulia. Akipata usingizi wa muda wa saa tatu tu kwa usiku miwili mfululizo na asubuhi hana uchovu, simsubiri aanze kuahidi watu malori. Tulikubaliana akiwa mzima, naye akaandika kwa mkono wake kwenye daftari: siku hiyo kadi ya benki anaishika mama, na kesho yake alfajiri tunapanda gari kwenda kliniki.