Maswali yenu ya sanaa za taka za ufukweni: supagluu, sufuria na katoni ya maji

Supagluu haishiki kabisa kwenye vizibo vya chupa. Ninakosea wapi? (Sahare, Tanga)

Hujakosea, ndivyo vizibo vilivyo. Ni plastiki za jamii ya polithini na polipropilini, na gundi nyingi hubanduka juu yake. Halafu vyako nadhani bado vina chumvi. Loweka kwa maji ya kisima usiku kucha, sugua, anika. Kisha toboa na ufunge kwa mshipi. Mvuvi hatii gundi kwenye wavu, anapiga fundo.

Mbona naokota vizibo vingi kuliko chupa?

Kizibo huelea. Chupa ya maji ikifunguka ikajaa huzama, maana plastiki yake ni nzito kuliko maji ya bahari. Chupa zako ziko chini huko.

Naweza kuyeyusha kwenye sufuria nitengeneze vinyago?

Hapana. Wewe ni wa tatu mwezi huu, na wawili waliotangulia niliwajibu hapa hapa. Ndani ya gunia lako hakikosi kipande cha bomba la PVC, na hicho kikiungua hutoa gesi ya kuchoma kifua. Na sufuria yenyewe nawajua, jioni itasongewa ugali.

Nipake rangi gani ing'ae?

Usipake. Nina kandambili moja mezani niliyoiokota Mwambani: buluu imepauka mpaka imekuwa kama maziwa yaliyotiwa wino, ukingoni samaki wameidonoa. Rangi ya kopo itakupa nini zaidi ya hapo?

Nina oda ya hoteli na taka hazitoshi. Ninunue maji dukani nitumie chupa? (Pangani)

Asante kwa ukweli, wenzako hawaulizi. Niliwahi kuona kwenye maonyesho mti mzima wa chupa, bango limeandikwa "taka za bahari", na chupa hazina hata mkwaruzo. Nyuma ya meza, katoni tupu za maji zimepangwa. Huo ni utapeli, na unaongeza taka.

Mwambie mteja asubiri bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakishapwa, fuata mstari wa mwani uliobaki juu ya ufuo, gunia litajaa. Mwani wenyewe uache, wadudu wa pwani wanaishi humo. Ukifika Ushongo usifukue mchanga, kasa hutaga pale. Na muulize huyo wa hoteli: akiichoka sanamu, ataitupa wapi?

Mume wangu anasema hii ni michezo ya watoto.

Mwambie shemeji yetu kwamba Lamu, mwaka 2018, walizindua jahazi la plastiki iliyorejelezwa, Flipflopi, limevishwa kandambili kama 30,000. Mwaka 2019 likatweka tanga mpaka Unguja. Akimaliza kucheka, achungulie uvunguni ahesabu ndala zake zilizokatika.