Pedeli ya breki inapozama: majibu kwa wasomaji

Shikamoo fundi. Nina Corolla. Nikisimama kwenye taa huku nimekanyaga breki, pedeli inashuka taratibu mpaka inakaribia chini. Nikiachia na kukanyaga tena, inarudi juu. Nimeshabadilisha pedi, hali ni ileile, na mafuta ya breki hayapungui. Msomaji, Morogoro.

Marahaba mwanangu. Pedi zako zilionewa bure. Pedi zikiisha utasikia kelele, pengine na mafuta kwenye kopo yatashuka kidogo, lakini hazifanyi pedeli izame huku umeishikilia. Hiyo ni dalili ya masta silinda kuchoka, yaani ile pampu inayosukumwa na pedeli kupeleka mafuta ya breki magurudumuni.

Ndani ya masta kuna pistoni mbili zilizofuatana, kila moja na raba zake na njia yake ya mafuta, ili njia moja ikifeli nyingine ibaki na magurudumu mawili. Raba ikichakaa, mafuta unayoyasukuma yanapita pembeni mwake na kurudi nyuma, ndani kwa ndani. Ndiyo maana huoni yakipungua.

Hakikisha mwenyewe kabla hujatoa hela. Gari likiwa limezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedeli iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Itashuka kidogo na kusimama: hiyo ni kazi ya busta, kile chombo kinachousaidia mguu kusukuma masta, usiogope. Sasa endelea kuishikilia kwa mguu mwepesi kwa dakika moja. Nasema mwepesi kwa sababu ukikandamiza kwa nguvu, presha inaibana raba kwenye ukuta wa silinda na ubovu unajificha. Mguu mwepesi ndio unaoumbua raba iliyochoka. Ikiendelea kuzama, kagua kwanza kama kuna mafuta yanayovuja, upande wa ndani wa matairi yote manne na kwenye paipu zote. Kukiwa kukavu, fundi afungue paipu kwenye masta na kuziba matundu kwa boliti zenye uzi unaolingana. Ikizama hata hapo, masta imekwisha. Ikisimama ngumu kama jiwe, masta ni nzima na tatizo liko mbele yake, kuelekea magurudumuni.

Habari mzee. Niko Nakuru. Naongeza mafuta ya breki kila baada ya wiki mbili lakini sioni hata tone chini ya gari. Yanaenda wapi?

Mara nyingi yanaingia kwenye busta. Raba ya mwisho ya masta ikipasuka, mafuta yanatokea nyuma, pale masta inapokutana na busta, na busta inayameza. Legeza nati mbili zinazoishika masta, ivute mbele kidogo bila kukunja paipu, pitisha kidole nyuma yake. Kidole kikitoka kimelowa, umepata jibu. Usichelewe, maana mafuta hayo yanaharibu mpira wa busta, na busta ina bei yake. Kama kuko kukavu, vua ngoma za nyuma uangalie silinda za magurudumu.

Fundi, ninunue raba tu, masta mpya, au ya mtumba?

Raba zinafaa kama ukuta wa silinda ni laini kabisa. Ukiona mkwaruzo au vishimo vya kutu, achana nazo, na masta ya aluminiamu usiisugue ndani kwa msasa, utaondoa ngozi yake ngumu. Ya mtumba siishauri: imekaa rafu muda gani bila mafuta, raba zimekakamaa kiasi gani, muuzaji mwenyewe hajui. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Linganisha kipenyo kilichoandikwa ubavuni na idadi ya matundu, na useme kama gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki). Kipenyo kikizidi, pedeli itakuwa fupi na ngumu, utahitaji mguu mzito zaidi kusimama.

Tumefunga masta mpya, tumetoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, magurudumu yote manne, pedeli bado laini kama sponji.

Upepo umebaki ndani ya masta yenyewe. Hapa mafundi wengi wanaruka hatua. Masta mpya hubanwa kwenye jiliwa, ikiwa sawa bila kuinama, inajazwa mafuta, kisha vipaipu vifupi vinatoka kwenye matundu yake na kurudi ndani ya kopo, ncha zikiwa zimezama. Sukuma pistoni kwa kijiti polepole, achia polepole. Utaona mapovu makubwa, kisha madogo kama ya soda, kisha hakuna. Ndipo inafungwa kwenye gari, na upepo unatolewa kuanzia gurudumu la mbali zaidi na masta. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, mengi huanza nyuma kushoto, ila fuata kitabu cha gari lako. Yenye ABS iliyoingia upepo, na haibridi, yanataka mashine ya kompyuta.

Mkimaliza, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, kijiti cha busta kinachosukuma masta kimezidi urefu na breki hazitaachia.

Naweza kuweka oili ya injini kidogo nikikosa mafuta ya breki?

Hapana! Niliwahi kufungua masta iliyowekewa oili: raba zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolala majini, zikakatika nilipozivuta. Tulibadilisha kila kitu chenye raba, mpaka magurudumuni. Soma mfuniko wa kopo, nunua DOT 3 au DOT 4 kama ulivyoandikwa, chupa iliyofungwa, na uyabadilishe yote kila baada ya miaka 2. Yanavuta unyevu: DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140.

Niko Iringa, pedeli inazama kidogo. Jumamosi nashuka Dar na familia. Nitengeneze nikifika?

Dada yangu, usishuke mteremko mkali wa Kitonga na gari hilo. Tengeneza Iringa, hata kama safari itasogea mpaka Jumatatu. Na likikukuta tayari uko barabarani: pampu pedeli haraka haraka, shusha gia (kwa otomatiki toa D weka 2, kisha L), washa hazadi, vuta hendibreki kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe chake. Kwenye magari mengi hendibreki inavutwa na waya, haitegemei masta.