Maswali yenu kuhusu 2,147,483,647

Wiki iliyopita niliitaja hii namba, 2 kipeo cha 31 toa 1, nikasema ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Meseji zimekuja kibao, najibu chache.

*Form three, Kongwa: Mwalimu shikamoo, nimeigawa kwa 3, 7, 11 na 13 imegoma. Nigawe mpaka wapi ndo niamini?*

Marahaba. Kwa 3 usingehangaika, jumlisha tarakimu unapata 46, haigawanyiki, basi. Kwa zingine mwisho ni kipeuo cha pili, 46,340 na ushee, maana kigawo kikivuka hapo mwenzake lazima awe mdogo na ungeshakutana naye. Ila bado ni kazi ya kulala nayo, ndo maana namkubali sana Euler, mwanahisabati wa Uswisi, yeye alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii ukikigawa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63, basi zikabaki namba 372 tu za kujaribu, zote zikagoma. Hiyo ni 1772, hakuna kikokotoo, na macho yake yalishakaribia kupofuka kabisa!

*UDOM: Kwa hiyo kipeo kikiwa tasa, jibu linakuwa tasa?*

Hapana. 11 ni tasa, lakini 2 kipeo cha 11 toa 1 ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

*Mama wa mahindi, Kibaigwa: Programu yangu ya mauzo jumla ya msimu ilipopita bilioni 2 na kitu ikaandika hasi. Nimeibiwa?*

Hujaibiwa mama, hela zako zipo. Aliyeitengeneza alitumia namba ya biti 32, yaani kompyuta inaiandika kwa nafasi 32 za 0 na 1, na humo kubwa kuliko zote ndo hii hii yetu, ukiongeza moja tu inaruka mpaka hasi 2,147,483,648. Ukiuza bilioni 2.2 itakuandikia hasi 2,094,967,296. Anayehesabu kwa dola anaweza asikutane nayo maisha yake yote, ila kwa shilingi yetu bilioni 2 mbona ni za msimu mmoja tu wa jumla. Mwambie fundi aweke biti 64.

*Bodaboda, Jamatini: Kuna mchezo wa simu, unaingiza wawili na wao kila mmoja anaingiza wawili. Unalipa?*

Huo ni upatu kaka, na namba yetu imo humo humo, 1+2+4+8 ukienda hivyo ngazi 31 unaipata kamili. Sasa sensa ya 2022 Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 3,085,625, ngazi ya 22 haijai mkoa umeshaisha, vichanga wakiwemo. Ngazi ya 26 inamaliza Tanzania nzima, watu 61,741,120. Na ngazi ya mwisho siku zote ina zaidi ya nusu ya wachezaji wote, hao wametoa na hawajapata kitu.

*Bahi: Eti 2038 kompyuta zitazima?*

Zile za zamani zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 zitafika namba yetu hii na kugota Jumanne 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, zitadhani ni 1901. Simu za siku hizi nyingi ni biti 64, lala tu.