Re: Intaneti ikikatika, stoo na duka vinasoma hesabu tofauti

Habari mkuu. Umesema duka liko Kariakoo, stoo Mbagala, na kila mtandao ukikata programu ya hesabu iliyo kwenye simu zenu inaonyesha mzigo ambao haupo. Yalinikuta Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika. Vijana wangu wawili waliuza katoni zilezile za mafuta ya kula kwa wateja wawili, kila mmoja akiamini simu yake.

Kwanza angalia hivi: zima data, uza kitu kimoja, washa tena. Je, mauzo yale yameingia kwa saa uliyouzia au saa mtandao uliporudi? Kama ni saa ya kurudi, tatizo lako ni hapo. Programu inapanga mauzo vibaya, na anayepata mtandao mwisho anafuta hesabu ya mwenzake. Hukutaja unatumia programu gani, ila jaribio hili ni lilelile kwa zote.

Mimi sasa mtandao ukikata, mtu wa stoo peke yake ndiye anaruhusu mzigo kutoka. Duka linampigia au linatuma meseji ya kawaida, anaandika kwenye kitabu cha risiti chenye kaboni. Malipo tunapokea kwa menyu ya nyota ya pesa za simu (USSD), haihitaji intaneti. Mtandao ukirudi, hesabu mzigo kwa mikono KABLA hujaruhusu simu zitume chochote. Hapa usifanye haraka, ndugu yangu, ndipo nilipopoteza mteja wa miaka.

Mvua ikifunga barabara pale Jangwani ni habari nyingine: hapo hesabu iko sawa, gari ndilo halifiki kwa mteja. Mjulishe mapema.