Maswali na majibu: wakaapweke na waliowapelekea mkate

Barua nyingi zimeingia kuhusu watu waliojitenga na wenzao kwa hiari. Leo najibu tano.

Antoni Abati wa Misri aliwachukia watu hata akaenda kuishi jangwani? (Msomaji, Morogoro)

Hata kidogo. Antoni alizaliwa mnamo mwaka 251, akafiwa na wazazi akingali kijana. Siku moja kanisani alisikia Injili ikisemwa kwamba anayetaka ukamilifu auze mali yake awape maskini. Akauza, akamweka dada yake kwa wanawake watawa, ndipo akaondoka. Baadaye alijifungia katika ngome iliyoachwa kwa karibu miaka 20. Sasa tazama habari ya mkate. Askofu Athanasio, aliyeandika maisha yake, anasema mara mbili kwa mwaka aliletewa mikate, ikapitishwa juu darini. Mimi nikisoma habari za mkaapweke yeyote, kwanza hutafuta ni nani aliyemletea chakula. Hatimaye rafiki zake waliuvunja mlango, naye akatoka mzima wa mwili na akili, akaanza kusuluhisha waliogombana na kufariji wafiwa.

Shehe wetu anasema Uislamu hauna utawa. Mbona Imam Ghazali alijitenga? (Msomaji, Mombasa)

Shehe wako amesema kweli, na Ghazali hakutoka nje ya kweli hiyo. Mtume mwenyewe, kabla ya kuteremshiwa wahyi, alikuwa akienda pango la Hira na chakula chake. Kikiisha alirudi kwa Bi Khadija kuchukua kingine. Hata itikafu, yaani kujitenga kwa ibada, ya kumi la mwisho la Ramadhani hufanywa msikitini, mahali wanapokutana watu.

Ghazali alikuwa mwalimu mwenye jina kubwa Baghdad. Mwaka 1095 ulimi ulimfunga darasani, chakula kikawa hakipiti kooni. Akagawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto, akaenda Damascus. Huko alipanda mnara wa msikiti mkuu, akajifungia mchana kutwa. Kilichomrudisha kwao, kwa maelezo yake mwenyewe, ni pamoja na maombi ya wanawe. Mwaka 1106 alikuwa anafundisha tena, Nishapur. Katika Ihya, mkusanyo wake mkubwa wa vitabu vya dini, aliandika kitabu kizima kuhusu kujitenga, akipima pande zote mbili: kujitenga humwepusha mtu na kusengenya na ria (kujionyesha), lakini humkosesha kujifunza, kufundisha na kuwafaa wenzake. Sijaona aliyeupima mzani huu kwa uadilifu kuliko yeye.

Wanawake je? Au upweke wa hiari ulikuwa wa wanaume tu? (Msomaji, Kisumu)

Uingereza ya zama za kati ilikuwa na wanawake wengi wa namna hiyo. Waliishi maisha yao yote katika chumba kilichoshikana na ukuta wa kanisa, dirisha moja likitazama ndani ya kanisa, jingine likiwa la kuzungumza na wageni. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili yao katika karne ya 13 uliwaruhusu kufuga paka tu. Ng'ombe hapana, kwa sababu mwenye ng'ombe huwaza malisho, tena mnyama akikamatwa shambani kwa mtu kuna kumbembeleza mlinzi na kulipa fidia! Mwongozo huohuo una maagizo kwa watumishi wa kike waliowahudumia. Julian wa Norwich alikuwa mmoja wa wakaapweke hao, na watu walifunga safari kumwendea kwa ushauri.

Kama upweke una faida, kwa nini magereza huutumia kuadhibu? (Msomaji, Bukavu)

Ulianza kwa nia njema. Gereza lililofunguliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1829 lilitokana na imani, hasa ya watu wa Kanisa la Marafiki (Quakers), kwamba mkosaji akibaki peke yake na Biblia atatubu. Wafungwa walifunikwa nyuso walipotembezwa, wasionane, na habari za nyumbani hawakuzipata. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842, akaandika kwamba kuichezea akili ya mtu hivyo polepole ni kubaya kuliko kuutesa mwili. Naungana naye. Tangu 2015, kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa kwa jina la Nelson Mandela zinakataza kumtenga mfungwa zaidi ya siku 15 mfululizo.

Mume wangu amestaafu, anashinda chumba cha nyuma na vitabu. Hutoka kula na jioni hucheza na wajukuu. Chai nampelekea mimi. Niogope? (Mama, Tanga)

Mama yangu, katika uliyoandika sioni la kuogopa. Akianza kukataa chakula, kukosa usingizi au kuwakwepa hata wajukuu, mpeleke hospitali mapema. Ila wewe nawe unahitaji chumba. Mwambie alasiri awashike yeye hao wajukuu kwa saa mbili na achemshe chai, wewe ufunge mlango wako.