Kabla ya Kununua Sensa, Pima Joto la Maji ya Injini

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba gari lake linanuka petroli, plagi zinaota masizi meusi kila baada ya wiki chache, na kwamba amekwisha kubadilisha plagi zote pamoja na sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, bila kupata nafuu. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, kwa sababu ungeweza kuwa wangu wa miaka minne iliyopita, na uchungu wa fedha nilizopoteza wakati ule haujanitoka.

Nilikuwa nimehamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam kwenda Njombe, nikiwa na Toyota Vitz ya silinda 3 ambayo Dar ilikuwa ikinipa kilomita 15 kwa lita. Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya mwezi Juni hakuna anayetoka nyumbani bila koti. Huko gari lilianza kula mafuta: lita moja haikunifikisha zaidi ya kilomita 11, na mdomo wa bomba la ekzosi ukajaa masizi. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili akasafisha nozeli zinazonyunyizia petroli, na wa tatu akaniuzia sensa ya oksijeni kwa bei iliyonifanya nikope kwa mwalimu mwenzangu. Kila mara gari lilitulia siku tatu, kisha harufu ikarudi.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza historia ya gari. Miezi kadhaa kabla ya uhamisho lilikuwa limechemsha, na fundi mmoja wa Dar akatoa thamostati, yaani vali inayodhibiti joto la maji ya injini, na kuitupa, akiniambia, "Mwalimu, nchi yetu ni ya joto, hiki kifaa ni cha nchi za theluji." Nilimwamini, tena nikamshukuru.

Petroli huungua vizuri inapochanganywa kwa uwiano wa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Injini ikiwa ya baridi, sehemu ya petroli haigeuki mvuke bali hushikamana na kuta za njia ya hewa na za silinda, kwa hiyo kompyuta ya gari huongeza kipimo kwa makusudi, na hujua wakati wa kufanya hivyo kwa kuisikiliza sensa ya joto la maji. Thamostati ndiyo inayoyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka yapate moto. Ya gari langu hufunguka kwenye nyuzi 82. Ikiondolewa, maji huzunguka hadi kwenye rejeta tangu unapowasha, na penye upepo wa baridi injini haifikii joto lake kamwe. Joto la Dar lilikuwa limeuficha ubaya huo, na baridi ya Njombe ikaufichua. Kompyuta yangu haikukosea hata siku moja, kwani iliilisha injini ya baridi chakula cha injini ya baridi.

Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Vitz yangu haina geji ya joto, ila ina taa ndogo ya bluu inayowaka injini ikiwa ya baridi, na taa hiyo ilikuwa ikizimika mjini kisha ikiwaka tena nilipokuwa nikishuka mteremko. Fundi wa nne aliunganisha kifaa cha kusomea kompyuta baada ya mimi kuendesha dakika 40 kutoka Makambako, akaona nyuzi 58, akaniuliza swali moja tu: "Thamostati ipo?" Ile mpya ilinigharimu chini ya bei ya plagi.

Sisemi kwamba kila gari linalozidisha mafuta lina tatizo hilo. Nozeli inaweza kuvuja, presha ya mafuta inaweza kuzidi, na sensa inayopima hewa inaweza kudanganya. Hata tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa ya oksijeni huingiza hewa ya nje, kompyuta ikadhani mafuta ni pungufu na kuyaongeza. Hata hivyo nakusihi usikubali kifaa kipya kifungwe kabla tarakimu hazijasomwa. Sensa ya oksijeni ni mjumbe, na fundi anayembadilisha mjumbe bila kuusoma ujumbe anabahatisha kwa fedha zako. Usichelewe pia, maana petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, hushuka na kuifanya oili yote kuwa nyepesi, na huunguza masega ya ekzosi yanayosafisha moshi. Vuta stiki ya oili uinuse. Ikinuka petroli, badilisha oili siku hiyohiyo unapotengeneza chanzo.

Ndugu yangu uliyeniandikia, liache gari lilale usiku kucha, na asubuhi, kabla ya kuwasha injini, soma kwa kifaa cha kusomea kompyuta joto la maji na joto la hewa inayoingia. Namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana. Zikiachana sana, ianze kushukiwa sensa ya maji au waya zake. Kisha endesha nusu saa barabara kuu usome joto la maji tena. Nitumie namba hizo tatu, na uniambie kama gari limewahi kuchemsha.