Anza Hunter x Hunter sasa hivi, usimsubiri Togashi amalize

Mleta uzi ameuliza kama kuna maana ya kuanza Hunter x Hunter, ile manga (katuni ya Kijapani ya kusoma) ya Togashi, wakati mchoraji mwenyewe haeleweki, anatoa sura kumi halafu anapotea miaka. Mchangiaji mmoja hapo juu akamjibu kwamba Togashi ni mvivu, hela ameshapata, sasa anacheza gemu tu nyumbani. Wengine wakaingiza na Berserk, manga nyingine: mchoraji wake Miura ameshafariki, je, kinachotoka sasa ni Berserk kweli au ni jina tu? Nitajibu yote, ila kwa mpangilio wangu, na itakuwa ndefu kidogo. Spoila, yaani kukufichulia yanayotokea kabla hujasoma, nazikwepa.

Nianze na hili la uvivu kwa sababu limenikera.

Mimi nachora. Si jina kubwa, ila nimewahi kuishi kwa kalamu. Kuna gazeti moja la burudani hapa Dar nililichorea hadithi ya mfululizo, kurasa mbili kwa wiki. Mbili tu, na hadithi nilikuwa naletewa imeshaandikwa, kazi yangu ni picha. Msomaji anaona visanduku sita, anapitisha macho, nusu dakika kamaliza. Mezani ni habari nyingine. Kisanduku cha watu wawili wanagombana sebuleni nakitoa kabla chai haijapoa. Lakini mwandishi akishaandika "wanakutana Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mchana", umekwisha. Kuna nyaya juu, kuna mabango, kuna mkokoteni, kuna machinga na nguo zake begani na kila nguo ina mikunjo yake, na wote hao lazima wakae kwenye usawa mmoja wa macho la sivyo wanaonekana wanaelea. Unaanza na penseli, unakuja na wino, unausubiri ukauke, unafuta penseli taratibu karatasi isichubuke, unajaza weusi. Halafu unakuta puto la maneno halitoshi kwa sababu mhariri kaongeza sentensi, na namna ya kulipanua bila kumkata mtu kichwa hakuna. Kisanduku hicho kimoja kinakula muda kuliko ukurasa mzima uliobaki, na malipo ni yaleyale, iwe Kariakoo iwe sebuleni. Ikifika siku ya kupeleka kazi, kidole gumba hakikunjiki vizuri.

Hizo ni kurasa mbili. Sura moja ya Weekly Shonen Jump, gazeti la manga la Japani anakochora Togashi, ni kurasa 19 hivi, kila wiki, na hadithi unaitunga mwenyewe. Siku za mwanzo zinaishia kwenye rasimu, wenyewe wanaiita nemu: visanduku vimekaa wapi, nani anasema nini, nani anamwangalia nani. Unampelekea mhariri, anakurudishia, unapanga upya. Rasimu ikipita ndipo mchoro halisi unaanza, wasaidizi wanashika majengo na vivuli, wewe unashika watu. Juu ya yote hayo, gazeti lina kura za wasomaji, na hadithi inayokaa chini kwa muda inakatwa bila huruma. Togashi alianza Yu Yu Hakusho kwenye kinu hicho mwaka 1990, akaimaliza mwenyewe 1994 ikiwa bado inapendwa, na baadaye akaeleza wazi kwamba alikuwa amechoka kupita kiasi. Hunter x Hunter ikaanza 1998.

Waliofuatilia wanakumbuka kwamba kuna sura zake zilitoka gazetini zikiwa karibu rasimu tupu, mistari ya haraka haraka, mandhari nyuma hakuna. Watu walimtukana sana. Zilipokuja kwenye juzuu, yaani vitabu vinavyokusanya sura, akawa amezichora upya. Jamani, mvivu harudii kazi ambayo imeshachapwa.

Kisha mgongo ukamgomea. Sura ya 390 ilitoka Novemba 2018, ya 391 ikaja Oktoba 2022. Katikati ya hapo aliwaandikia wasomaji kwamba kwa kama miaka miwili hakuweza kukaa kwenye kiti akachora, na kwamba amerudi kazini kwa kuachana na namna aliyoizoea ya kufanya kazi. Mei 2022 alifungua akaunti ya Twitter, na kitu cha kwanza alichoweka ni picha ya kona ya ukurasa, miti kidogo ya wino, na maneno machache kwamba zimebaki sura nne. Basi. Baada ya hapo ikawa ni kona za kurasa tu, mara nyingi na namba. Mashabiki dunia nzima tukawa tunakodolea macho kipande cha karatasi cheupe kama mganga anavyosoma ramli. Desemba 2022 ikatangazwa kwamba haitarudi tena kwenye mtindo wa kila wiki. Sura nyingine kumi, 401 hadi 410, zikaja mwishoni mwa 2024.

Na si yeye peke yake. Oda wa One Piece, ambaye watu wanamtaja kama mashine, alisimama mwezi mmoja mwaka 2023 akafanyiwa upasuaji wa macho, na siku hizi mapumziko ya wiki moja moja kwake ni ya kawaida kabisa. Akutami wa Jujutsu Kaisen alisimama 2021 kwa sababu ya afya. Ukifungua Manga Plus, app ya kusomea manga, Jumapili saa kumi na mbili jioni ukakuta hakuna One Piece wiki hii, kunywa maji, lala.

Sasa, swali lenyewe: isipoisha je?

Nadhani sisi wa huku tunachanganyikiwa na suala la mwisho kwa sababu katuni tulizokulia nazo hazikuwa na mwisho wala hazikuuhitaji. Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, Kingo wa James Gayo: kichekesho kinaanza na kuisha palepale, kesho ni kingine. Hakuna aliyekuwa anamdai Gitau hatima ya Juha. Manga hizi za mfululizo zinakufanya uweke kiporo cha miaka ishirini, ndiyo maana mtu anaona kama ametapeliwa.

Lakini hebu tuziangalie zile zilizoisha. Attack on Titan ilifika mwisho Aprili 2021, sura ya 139, na mpaka leo ukiitaja kwenye kundi la WhatsApp watu wanablokiana. Isayama, mchoraji wake, aliongeza kurasa kadhaa kwenye juzuu ya mwisho, ugomvi ndiyo kwanza ukachochewa. My Hero Academia imeisha Agosti 2024, Jujutsu Kaisen imeisha Septemba mwaka huohuo, na humu humu jukwaani kuna nyuzi za watu wanalia kwamba mwisho umeharakishwa. Kwa hiyo mwisho mmeupata na bado hamna raha. Gotouge wa Demon Slayer ndiye aliyemaliza kistaarabu, sura 205, 2016 hadi 2020, ikiwa kileleni, akanyamaza. Ila ukiniuliza nirudie kusoma ipi kati ya hiyo na Hunter x Hunter isiyoisha, sihitaji kufikiria.

Na jambo ambalo wengi hamjalisikia: Togashi mwisho ameshautoa. Mmoja wapo, yaani. Novemba 2023 kwenye kipindi cha televisheni cha Japani ilisomwa barua yake akisema ana miisho kadhaa kichwani, akaipa herufi, na huo wa D akaueleza mzima ili akifariki kabla ya kumaliza, wasomaji wawe na kitu cha kushika. Nimeusoma. Ni mzuri, ni mtulivu, una kina Gon, mhusika mkuu, ndani yake. Na haukunisaidia chochote, kwa sababu kinachonikosesha usingizi ni kile kilichopo sasa hivi: meli ya Black Whale, wana wa mfalme wa Kakin kumi na wanne wamefungiwa humo, kila mmoja ana walinzi, walinzi wana mabwana wengine kwa siri, na lazima abaki mmoja tu hai. Hapo hata Togashi akikwambia meli itafika salama bado hujajua lolote. Utamu uko kwenye nani alimdanganya nani kwenye chumba namba ngapi.

Hapa ndipo Berserk inapotofautiana, na ndiyo jibu langu kwa waliouliza. Kentaro Miura alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 54, mshipa mkubwa wa moyo ulipasuka. Alikuwa anaichora tangu 1989. Sura ya 364 ilitoka Septemba baada ya kifo chake, imo kwenye juzuu ya 41. Kilichookoa hadithi ni kwamba miongo mitatu iliyopita alimkalisha rafiki yake wa tangu shuleni, Kouji Mori, naye ni mchoraji, akamsimulia yote mpaka mwisho. Juni 2022 Studio Gaga, yaani wasaidizi wa Miura wenyewe, wakaendelea chini ya usimamizi wa Mori, na Mori akaahidi kuwa atatoa yale tu aliyoambiwa, hatajazia ya kwake.

Ahadi hiyo inaonekana kwenye kurasa. Mkono wa wasaidizi uko vizuri, chuma kinang'aa vilevile, ila nyuso zimekaza kidogo. Na mwendo umekuwa wa haraka. Miura alikuwa anaweza kukupa kurasa nzima bila neno, upepo na majani tu, Guts, mhusika mkuu, amekaa. Vitu hivyo huwezi kumsimulia rafiki mezani akavikumbuka. Kwa hiyo kwangu mimi ndiyo, ni Berserk, kwa maana kwamba ni habari za Berserk kutoka kwa mtu aliyezisikia kwa mwenyewe. Naisoma nikijua hivyo na siumii. Anayetaka Miura mtupu asimame juzuu ya 41, na hakuna wa kumlaumu. Manga ya Dragon Ball Super nayo ilikuwa na utaratibu wake: Toriyama, mwenye Dragon Ball, anatoa mpango wa hadithi, Toyotarou anachora. Toriyama alipofariki Machi 2024 ikasimama. Sioni ubaya hapo pia.

Sasa mleta uzi, namna ya kuanza. Kama umeshaangalia anime (katuni ya video) ya 2011, ile ya vipindi 148, imeishia manga sura ya 339. Chukua sura ya 340 uendelee. Kama hujaangalia kabisa, angalia kwanza, kisha rudi kwenye juzuu kwa sehemu ya Chimera Ant, maana mule Togashi anaandika maelezo marefu yanayosomeka vizuri zaidi kuliko yanavyosikika. Ukifika kwenye meli usisome usiku ukiwa na usingizi. Andika majina ya wale kumi na wanne kwenye karatasi, na mbele ya kila jina andika walinzi wake, mimi bila hivyo nisingefika popote. Prince wa nne ndiye wa kumchunga.

Berserk iache kwa sasa kama bado uko nyumbani na wadogo zako wanashika simu yako. Ina ukatili mkubwa na ubakaji. Ukiwa tayari, soma mfululizo hadi juzuu ya 14 kisha uje hapa useme umeonaje.